Tutajuaje Kama Dawa Inaponya?

Mtu akiugua huenda zahanati au hospitali. Mganga humpima, kisha humpa dawa. Mgonjwa humeza dawa hiyo kwa sababu anamwamini mganga. Jambo hilo ni jema. Lakini umewahi kujiuliza mganga naye alijuaje kwamba dawa hii inaponya? Nani alimwambia? Na huyo aliyemwambia alijuaje?

Katika somo hili tutajifunza jinsi hospitali zinavyotafuta majibu ya maswali hayo. Kazi hiyo huitwa utafiti wa tiba. Usidhani kwamba ni kazi ya nchi za mbali tu. Utafiti mkubwa umefanyika Muheza katika mkoa wa Tanga, Kilifi huko Kenya, na Mbale huko Uganda. Huenda siku moja wewe mwenyewe, au mzazi mwenzako, akaombwa kushiriki. Siku hiyo ni vizuri uwe umekwisha kuelewa unaulizwa nini, na una haki gani.

1. KUPONA PEKE YAKE HAKUTOSHI

Tuchukue mfano. Jirani yako ana mafua. Anakunywa maji ya majani fulani kwa siku tano. Siku ya sita amepona. Anatangaza kijiji kizima kwamba majani yale ni dawa ya mafua.

Je, ni kweli? Huenda ni kweli, huenda si kweli. Mafua huisha yenyewe baada ya siku chache, hata mtu asipotumia kitu. Tena huenda jirani yako alipumzika, akala vizuri, akalala mapema. Hatuwezi kujua ni jambo gani lililomsaidia.

Kuna sababu nyingine. Watu waliopona hutembea na kusimulia habari zao. Aliyekufa harudi kusimulia. Kwa hiyo dawa mbaya inaweza kupata sifa njema, kwa kuwa tunawasikia wale waliopona tu.

Wewe mkulima unalielewa jambo hili vizuri. Bwana shamba akikuletea mbolea mpya, utaijaribuje? Huwezi kuitia shamba zima na kusema, "Mwaka huu nimevuna vizuri, basi mbolea ni nzuri." Labda mwaka huu mvua ilikuwa njema. Unagawa shamba sehemu mbili. Sehemu moja unatia mbolea, ya pili hutii. Halafu unalinganisha mavuno.

Lakini angalia! Ukitia mbolea sehemu ya bondeni penye rutuba, na ukaacha sehemu ya mlimani penye mawe, utakuwa umejidanganya. Sehemu zote mbili lazima zifanane. Mbegu ziwe zile zile, palizi iwe ile ile, na siku ya kupanda iwe ile ile. Tofauti iwe mbolea peke yake.

Utafiti wa tiba unafuata njia hiyo hiyo. Kitu kinachopimwa ni dawa, na wanaohusika ni watu. Kwa kuwa ni watu, lazima kazi ifanywe kwa uangalifu mkubwa zaidi.

2. MABAHARIA KUMI NA WAWILI

Zamani mabaharia wa Ulaya walisafiri baharini kwa miezi mingi. Walikula mikate mikavu na nyama ya chumvi. Hawakupata matunda wala mboga. Wengi walipatwa na kiseyeye. Fizi zilivimba na kutoa damu, meno yalilegea, miguu ilikosa nguvu, na mwisho mtu alikufa.

Kila mganga alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema siki, mwingine alisema maji ya bahari. Hakuna aliyekuwa na hakika.

Mwaka 1747, daktari mmoja wa meli ya Uingereza, aitwaye James Lind, aliamua kulinganisha. Alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye ambao hali zao zilifanana. Aliwaweka mahali pamoja na kuwapa chakula cha aina moja. Kisha aliwagawa wawili wawili. Kila wawili waliongezewa kitu tofauti. Wawili walipewa siki, wawili maji ya bahari, na wengine vitu vingine. Wawili walipewa machungwa na malimau kila siku.

Haikupita hata wiki moja. Mmoja wa wale waliokula machungwa na malimau alikuwa ameweza kurudi kazini. Mwenzake naye alikuwa na nafuu kuliko wagonjwa wote. Leo tunajua sababu. Matunda hayo yana vitamini C, na kiseyeye huletwa na upungufu wa vitamini hiyo.

Lakini jeshi la maji la Uingereza halikuagiza mabaharia wapewe maji ya malimau mpaka mwaka 1795. Ilipita karibu miaka 50. Katika miaka hiyo mabaharia wengi waliendelea kufa kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa imekwisha onekana. Hapa tunajifunza kwamba kupata jibu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kulitumia.

3. KWA NINI WATAFITI HUPIGA KURA

Watu 12 ni wachache. Tena, nani ataamua mgonjwa huyu apate dawa hii na yule apate ile? Daktari akichagua mwenyewe, anaweza kuwapa dawa mpya wale wenye nguvu, bila hata kukusudia. Hapo atakuwa ametia mbolea bondeni na kuacha mlimani.

Njia nzuri ni kupiga kura. Katika kura, mwenye hali nzuri na mwenye hali mbaya, tajiri na maskini, wote wana nafasi sawa ya kuingia kundi lolote. Watu wakiwa wengi, makundi hufanana.

Njia hii ilipata sifa kubwa katika utafiti wa kifua kikuu uliofanyika Uingereza na kutangazwa mwaka 1948. Dawa iliyopimwa iliitwa streptomisini. Wakati huo dawa ilikuwa mpya, na haikutosha kwa wagonjwa wote. Wagonjwa 107 waligawanywa kwa kura zilizofungwa ndani ya bahasha. Wagonjwa 55 walipata dawa na kupumzika kitandani. Wengine 52 walipumzika kitandani tu, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile.

Baada ya miezi 6, waliokufa katika kundi la dawa walikuwa 4. Katika kundi la kupumzika tu walikufa 14. Hapo ilionekana wazi kwamba dawa inasaidia.

Lakini watafiti hawakuishia hapo. Waliendelea kuwaangalia wagonjwa, wakaona jambo jingine. Vijidudu vya kifua kikuu vilizoea dawa ile ikitumiwa peke yake, na baadhi ya wagonjwa waliopata nafuu waliugua tena. Ndiyo sababu leo mgonjwa wa kifua kikuu hupewa dawa zaidi ya moja kwa pamoja. Ndiyo sababu pia huambiwa asikatize dawa hata kama anajisikia mzima.

Nchi zetu pia zilichangia. Zamani mgonjwa wa kifua kikuu alitumia dawa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Katika miaka ya 1970, watafiti wa Afrika Mashariki na wa Uingereza walishirikiana kupima matibabu mafupi. Wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki. Ilionekana kwamba matibabu ya miezi 6 yanaweza kuponya, ikiwa dawa zitachanganywa vizuri. Mgonjwa wa leo anayemaliza dawa zake kwa miezi 6 ana deni la shukrani kwa wagonjwa wale.

4. DAWA YA ZAMANI NA DAWA MPYA

Sasa tutazame ugonjwa tunaoufahamu sote, yaani malaria. Mtoto mwenye malaria kali hupoteza fahamu, au hupatwa na degedege, au hupungukiwa damu sana. Kwa zaidi ya miaka 300 watu walitumia kwinini, dawa itokayo katika gamba la mti. Kwinini iliokoa watu wengi sana.

Baadaye ilikuja dawa nyingine, iitwayo atesuneti. Hii ilitokana na mmea ambao wataalamu wa China waliuchunguza katika miaka ya 1970. Je, ni bora kuliko kwinini? Watu waliweza kubishana mpaka asubuhi. Ilibidi zilinganishwe.

Utafiti ulianza mwaka 2005 na kumalizika mwaka 2010, katika nchi 9 za Afrika. Kwa upande wa Tanzania, hospitali zilizoshiriki zilikuwa za Muheza na Korogwe katika mkoa wa Tanga. Watoto 5,425 wenye malaria kali waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilipata kwinini. Kundi la pili lilipata atesuneti. Angalia kwamba hapa hakuna mtoto aliyenyimwa dawa. Kila mmoja alipata dawa iliyojulikana kuwa inatibu malaria. Swali lilikuwa ipi inaokoa zaidi.

Matokeo yalikuwa haya:

Watoto 2,713 walipata kwinini. Walikufa 297.
Watoto 2,712 walipata atesuneti. Walikufa 230.

Kwa hesabu nyepesi, katika kila watoto 1,000 waliopata kwinini walikufa kama 109. Katika kila watoto 1,000 waliopata atesuneti walikufa kama 85. Tofauti ni watoto 24 katika kila 1,000.

Sasa fikiri. Muuguzi mmoja katika wodi moja angewezaje kuiona tofauti hiyo kwa macho yake? Asingeweza. Angeona watoto wengi wanapona kwa dawa zote mbili, na wengine wanakufa kwa dawa zote mbili. Ilihitajika hospitali nyingi, watoto wengi na miaka mingi ya kuhesabu. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza atesuneti iwe dawa ya kwanza ya sindano kwa watoto wenye malaria kali. Watoto 24 katika 1,000 si jambo dogo. Mmoja wao anaweza kuwa wako.

5. DRIPU ILIYOTEGEMEWA NA WOTE

Mfano unaofuata unatufundisha unyenyekevu, maana unaonyesha kwamba hata wataalamu wanaweza kukosea wote kwa pamoja.

Mtoto mwenye homa kali anaweza kufika hospitali akiwa amelegea, mikono na miguu ya baridi, na mapigo ya moyo ni dhaifu. Damu yake haizunguki vizuri. Katika nchi tajiri, kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kumtundikia mtoto wa namna hiyo maji mengi ya mishipa kwa haraka. Vitabu vilisema hivyo. Walimu walisema hivyo. Wengi waliona kwamba tatizo la hospitali za Afrika ni kukosa chupa za kutosha.

Lakini njia hiyo haikuwa imepimwa vizuri kwa watoto wa Afrika wenye homa kali, ambao wengi wao wana malaria na upungufu wa damu. Kwa hiyo ulifanyika utafiti kuanzia mwaka 2009 katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania. Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa mojawapo. Kiongozi wa utafiti alikuwa daktari wa watoto aitwaye Kathryn Maitland.

Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Makundi mawili yalipewa maji mengi kwa haraka, kila kundi aina yake ya maji. Kundi la tatu halikupewa maji hayo ya haraka. Watoto wa makundi yote walipata matibabu mengine yote waliyohitaji, kama vile dawa ya malaria, dawa za kuua vijidudu, hewa ya oksijeni na kuongezewa damu. Walipata pia maji ya kawaida ya mishipa, polepole.

Watu wengi walitazamia kwamba kundi la tatu ndilo litakaloumia. Ikawa kinyume. Baada ya saa 48, katika kila watoto 1,000 waliopewa maji mengi ya haraka, walikufa kama 105. Katika kila watoto 1,000 ambao hawakupewa, walikufa kama 73.

Ipo kamati ya watu wasiofanya kazi katika utafiti wenyewe. Kazi yake ni kuangalia hesabu wakati utafiti unaendelea. Kamati hiyo ilipoziona hesabu hizi, utafiti ulisimamishwa Januari 2011, kabla ya kufikia idadi ya watoto iliyopangwa. Mwaka huo huo matokeo yalitangazwa duniani kote.

Hebu tuseme ukweli huu polepole. Jambo lililofundishwa kama njia ya kuokoa maisha lilikuwa likiongeza vifo vya watoto hawa. Madaktari waliolifanya hawakuwa na nia mbaya. Walitaka kuokoa. Lakini nia njema haitoshi. Bila kulinganisha na kuhesabu, tungeendelea mpaka leo, na hata tungechangishana fedha za kununua chupa zaidi.

HADHARI: Usije ukasema kwamba dripu ni mbaya. Utafiti huu haukuwahusu watoto wanaoharisha sana. Mtu mwenye kipindupindu au anayeharisha na kutapika hupoteza maji mengi mwilini, naye lazima arudishiwe maji haraka, kwa kunywa au kwa mishipa. Asipopata atakufa. Utafiti hujibu swali moja kwa wagonjwa wa aina moja. Mganga akisema mtoto wako anahitaji dripu, usimkatalie kwa sababu ya somo hili. Muulize sababu. Na akisema mtoto hahitaji dripu, usimlazimishe. Wapo wazazi wanaodhani kwamba mtoto asipotundikiwa chupa hajatibiwa. Sasa unajua kwamba sivyo.

6. UTAFITI ULIOFANYWA KWA DHULUMA

Haitakuwa haki tukisimulia mazuri peke yake. Upo utafiti uliofanywa kwa dhuluma.

Katika mji wa Tuskegee, huko Marekani, mwaka 1932 wakubwa wa afya wa serikali walianza kuwachunguza wanaume weusi wapatao 600. Wengi wao walikuwa wakulima maskini. Wanaume 399 walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ukweli. Waliambiwa kwamba wana "damu mbaya" na kwamba wanatibiwa. Kumbe watafiti walitaka kuona ugonjwa utafanya nini mwilini usipotibiwa. Penisilini ilipofahamika kuwa dawa ya kaswende katika miaka ya 1940, wanaume wale hawakupewa. Mambo yaliendelea hivyo kwa miaka 40, mpaka magazeti yalipofichua habari hiyo mwaka 1972. Mwaka 1997 Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa lake.

Kosa lilikuwa nini hasa? Kuwachunguza wagonjwa si kosa. Kosa lilikuwa kuwadanganya, kuwanyima dawa iliyojulikana, na kuwachagua kwa sababu ni maskini na hawakuwa na mtu wa kuwatetea.

Kwa sababu ya maovu ya namna hiyo, dunia imeweka kanuni. Mwaka 1964 Chama cha Madaktari Duniani kilikutana Helsinki, nchini Finland, kikatoa tamko juu ya utafiti kwa wanadamu. Tamko hilo limerekebishwa mara kadhaa tangu wakati ule. Tanzania pia ina vyombo vyake. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, nayo ina kamati ya maadili inayochunguza mipango ya utafiti wa afya. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba huchunguza majaribio ya dawa. Mtafiti, hata kama ni msomi mkubwa, hawezi kuja kijijini na kuanza kujaribu dawa apendavyo.

7. UKIOMBWA KUSHIRIKI

Ndugu mwanakisomo, tuseme umempeleka mtoto hospitalini, au umelazwa wewe mwenyewe. Anakuja mtu amevaa koti jeupe, anasema, "Tunafanya utafiti. Tunakuomba ushiriki." Utafanyaje?

Usikimbie. Wala usikubali upesi kwa sababu ya kuogopa koti jeupe. Wazee walisema, kuuliza si ujinga. Uliza maswali haya:

(a) Mnatafuta kujua nini?
(b) Nitafanyiwa nini? Mtachukua damu? Kiasi gani, na mara ngapi?
(c) Dawa mnayopima ni ipi? Kama sitapata hiyo, nitapata tiba gani?
(d) Kuna faida gani kwangu? Kuna hatari gani?
(e) Nikipata madhara, nani atanitibu, na kwa gharama ya nani?
(f) Nani atajua habari zangu? Jina langu litatangazwa?
(g) Utafiti umeruhusiwa na nani? Naweza kuiona barua ya kibali?
(h) Nikikataa itakuwaje?

Swali la mwisho ni muhimu sana, na jibu lake ni moja. Ukikataa utatibiwa kama wagonjwa wengine. Hakuna ruhusa ya kukunyima tiba kwa sababu umekataa utafiti. Tena, hata ukikubali leo, unaweza kujitoa kesho. Hulazimiki kutoa sababu.

Kwa mtoto mdogo, mzazi au mlezi ndiye anayekubali au kukataa. Mtoto mwenye umri wa kuelewa naye aelezwe na asikilizwe.

Wakati mwingine mgonjwa amezidiwa na hakuna nafasi ya maelezo marefu. Katika ule utafiti wa dripu ilitokea hivyo mara nyingi. Kamati za maadili ziliruhusu mzazi aelezwe kwa ufupi kwanza, mtoto ashughulikiwe, na maelezo kamili yatolewe hali ikitulia. Utaratibu kama huo lazima uruhusiwe na kamati kabla ya utafiti kuanza. Mtafiti hawezi kujipa ruhusa mwenyewe.

8. KARATASI YA RIDHAA

Baada ya maelezo utapewa karatasi. Hiyo ni karatasi ya ridhaa. Lazima iandikwe katika lugha unayoielewa. Hapa ndipo utakapoona faida ya kuja darasani jioni baada ya kazi za shamba.

Isome mwenyewe, mstari kwa mstari. Neno usilolijua uliza maana yake. Linganisha yaliyoandikwa na yale uliyoambiwa kwa mdomo. Kama umeambiwa watachukua damu mara moja, na karatasi inasema mara tano, uliza. Kama unataka kwenda nayo nyumbani ukashauriane na mwenzako au wazee, sema hivyo, maana ni haki yako. Ukiridhika, weka sahihi na tarehe. Nakala moja ibaki kwako, na uitunze.

Asiyejua kusoma naye ana haki zote hizo. Asomewe karatasi yote mbele ya shahidi ambaye si mtu wa utafiti, kisha aweke dole gumba. Ukiwa umehitimu kisomo, jirani yako anaweza kukuomba uwe shahidi wake. Kazi hiyo ni ya heshima. Usiweke sahihi ya ushahidi kwa jambo ambalo hukulisoma wala kulisikia.

Je, inafaa kukubali? Hatuwezi kukuamulia. Lakini kumbuka yale tuliyosoma. Matibabu mafupi ya kifua kikuu, sindano ya atesuneti, na kufahamu hatari ya maji mengi ya haraka, yote yalipatikana kwa sababu wagonjwa na wazazi walikubali kushiriki. Baadhi ya watoto wao walikufa wodini. Hesabu tulizosoma zimetokana nao, na kila tarakimu ilikuwa na mama yake. Anayekubali akiwa ameelewa anawasaidia watakaougua baadaye. Anayekataa akiwa ameelewa anatumia haki yake. Jambo baya ni moja tu, kukubali au kukataa bila kuelewa.

MANENO YA KUKUMBUKA

Utafiti: kazi ya kutafuta ukweli kwa utaratibu.
Kulinganisha: kuangalia vitu viwili au zaidi ili kuona tofauti.
Ridhaa: kukubali kwa hiari baada ya kuelewa.
Maadili: kanuni za kutenda haki na wema.
Kibali: ruhusa iliyoandikwa.
Madhara: mabaya yanayoweza kuletwa na dawa au tiba.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini hatuwezi kusema kwamba dawa inaponya kwa kuwa mtu mmoja alipona?
2. Kwa nini watafiti hupiga kura badala ya kuchagua wenyewe?
3. James Lind alipata jibu mwaka 1747. Maji ya malimau yaliagizwa mwaka 1795. Je, kijijini kwetu kuna jambo la afya tunalolijua lakini hatulifuati?
4. Wanaume wa Tuskegee walinyimwa haki gani? Taja tatu.
5. Mtu akija kijijini na kusema anatafuta watu wa kujaribu dawa, viongozi wa kijiji wamuulize nini kwanza?

HESABU

1. Katika watoto 1,000 waliopewa maji mengi ya haraka walikufa kama 105. Katika watoto 1,000 wasiopewa walikufa kama 73. Tofauti ni watoto wangapi?
2. Katika utafiti wa streptomisini, wagonjwa 55 walipata dawa na 4 wakafa. Wangapi walikuwa hai baada ya miezi 6? Wagonjwa 52 walipumzika tu na 14 wakafa. Wangapi walikuwa hai?
3. Tumesema kwamba atesuneti iliokoa watoto 24 zaidi katika kila 1,000. Je, katika watoto 5,000 ingeokoa wangapi zaidi?

KAZI YA KIKUNDI

Jigaweni watatu watatu. Mmoja awe mtafiti, mmoja awe mzazi mwenye mtoto mgonjwa, na mmoja awe shahidi. Mzazi aulize maswali manane tuliyosoma. Mtafiti ajibu kwa Kiswahili chepesi. Shahidi aseme mwishoni kama mzazi ameelewa au bado. Kisha badilishaneni nafasi, mpaka kila mmoja awe amekuwa mzazi.